Kutoka Lodwar hadi Todonyang: Kazi ya Mhandisi wa Nishati ya Majengo

Mhandisi mitambo anayeshughulikia ufanisi wa nishati katika majengo hulipwa ili mashine zipungue. Mwenzake wa kiwandani huulizwa kompresa ipi itatosha. Yeye huuliza kwanza kwa nini kompresa inahitajika. Hupima joto linaloingia kwa paa, kuta na madirisha, hewa inayopita, maji yanayochemshwa na taa zinazowaka chumba kikiwa kitupu, kisha hutafuta namna ya kutimiza haja ile ile kwa uniti chache zaidi za umeme. Mashine huja mwisho, kama bado inahitajika.

Kazi hii ikitajwa, watu huwaza maghorofa ya Nairobi au minara ya Dubai. Turkana haimjii mtu akilini. Hata hivyo njia inayotoka Lodwar kwenda Kakuma, ikarudi na kushuka Kalokol ziwani, kisha ikapanda kaskazini hadi Todonyang mpakani mwa Ethiopia, humpitisha msafiri mbele ya karibu kila swali la taaluma hii. Joto la huko halina msimu wa kupumzika, na umeme ni wa kuhesabu. Mwandishi aliifuata njia hiyo kwa mpangilio huo, na makala haya yanaufuata vilevile.

Anayeitaka kazi hii nchini Kenya huanza kama mhandisi mitambo mwingine yeyote. Husoma shahada kwa miaka 5, hujiandikisha kwa Bodi ya Wahandisi ya Kenya kama mhandisi mhitimu chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, na hufanya kazi chini ya wakubwa wake kwa miaka isiyopungua 3 kabla ya kuomba daraja la juu. Masomo yatakayomfaa ni yale yale ambayo wanafunzi wengi huyaogopa: thermodainamiki, uhamaji wa joto, mwendo wa hewa na vimiminika. Baada ya hapo njia hugawanyika. Wengi huenda kwenye sukari, saruji, pampu na magari. Wachache huingia kampuni za ushauri zinazobuni viyoyozi na mabomba ya majengo, na humo, wakiwa wanakokotoa ukubwa wa mashine, huanza kuona ni kiasi gani cha mashine hiyo ni cha bure.

Sheria iliwafungulia wachache hao mlango mwaka 2012. Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka huo ziliagiza kwamba kiwanda, hoteli au jengo lolote linalotumia uniti, yaani kilowati-saa, zaidi ya 180,000 kwa mwaka lifanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka 3, na mwenye jengo atekeleze angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa. Mkaguzi hupewa leseni na mamlaka ya udhibiti, ambayo tangu Sheria ya Nishati ya 2019 ni EPRA. Chama cha wenye viwanda, KAM, kina kituo chake cha ufanisi wa nishati tangu 2006, na wahandisi wengi wamejifunza ukaguzi humo kabla ya kujitegemea. Baadhi huongeza cheti cha CEM kinachotolewa na Association of Energy Engineers ya Marekani. Vyeti vina faida yake, ila ukaguzi wenyewe hujifunzwa juu ya paa, ndani ya chumba cha jenereta na kwenye bili za stima za mwaka mzima.

Lodwar iko nyuzi 3 kaskazini mwa ikweta, kando ya mto Turkwel, kwenye kimo cha mita 500 hivi. Wastani wa joto la mwaka hukaribia nyuzi 30 za Selsiasi. Mchana hufika 35 karibu kila mwezi, usiku hushuka hadi 24 hivi tu, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200. Tofauti na Nairobi haiko kwenye mchana peke yake. Nairobi iko kwenye kimo cha mita 1,700, na usiku wake ni wa sweta. Jengo la Nairobi lenye kuta nzito likifunguliwa usiku hupoa, nalo huishi kwa ubaridi huo hadi alasiri. Ofisi za Umoja wa Mataifa zilizofunguliwa Gigiri mwaka 2011 zilijengwa kwa kutegemea hali hiyo: ukumbi mrefu wa kati unaopitisha hewa bila feni, mwanga wa mchana kila sakafu, na paneli za jua za kilowati 515 juu ya paa. Ni jengo zuri, na hutajwa kila mahali kama mfano. Mchoro wake ukihamishiwa Lodwar kama ulivyo, utashindwa mwezi wa kwanza, kwa sababu usiku wa Lodwar hauna ubaridi wa kuweka akiba. Mwongozo wa usanifu wa majengo ya nchi za tropiki uliotolewa na UN-Habitat kwa ajili ya Afrika Mashariki huligawa eneo hili katika kanda mbalimbali za hali ya hewa kwa sababu hiyo hiyo. Mhandisi anayebeba kanuni za Nairobi kichwani hadi Turkana huwa amekosea kabla hajafungua sanduku la vifaa.

Lodwar swali la kwanza ni paa. Karibu na ikweta jua husimama utosini, na saa 7 mchana kila mita mraba ya paa hupokea kama wati 950. Mabati yaliyochakaa hunyonya karibu asilimia 70 ya mionzi hiyo. Hewa ikiwa nyuzi 35, bati hilo hufika nyuzi 65 au karibu na hapo. Chukua chumba cha mita 5 kwa 5 kisicho na dari, ambacho mwenyewe anataka kikae nyuzi 30. Joto linaloingia kwa paa pekee huzidi kilowati 4. Kiyoyozi cha BTU 12,000, kile kinachofungwa katika ofisi ndogo nyingi, huondoa kilowati 3.5. Maana yake mashine nzima imenunuliwa kupigana na bati, na bado imeshindwa, kabla ya kuhesabu kuta, watu na kompyuta.

Sasa bati hilo lipakwe rangi nyeupe. Hunyonya robo tu ya jua, hushuka hadi nyuzi 47 hivi, na joto linaloingia huwa nusu ya lile la kwanza. Au liachwe na kutu yake, lakini chini yake kuwe na dari yenye kihami joto cha sentimita 5: joto hushuka hadi nusu kilowati. Hesabu hii yote ni ya mwaka wa tatu wa chuo. Kinachoshangaza ni jinsi inavyoachwa. Rangi nyeupe nayo ina tatizo lake hapa, kwani upepo wa Turkana hubeba vumbi, na paa jeupe lisipooshwa hurudi kuwa la rangi ya udongo. Mhandisi anayeandika ripoti bila kutaja nani ataosha paa na kwa maji gani hajamaliza ripoti.

Kuta hufuata. Jua la asubuhi na la jioni huja likiwa chini, likapiga kuta za mashariki na magharibi moja kwa moja, wakati kuta za kaskazini na kusini hupata jua la ubavuni ambalo veranda ya mita moja na nusu hulizuia. Jengo refu, basi, linapaswa kulala mashariki kwa magharibi. Kosa la kuligeuza vingine ni la bei rahisi kuliko yote kuliepuka likiwa bado kwenye karatasi, na likishajengwa halirekebishiki. Hata hivyo majengo mengi ya mjini hutazama barabara, kwa kuwa mteja huja kwa barabara.

Kisha huja suala la starehe. ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa upozaji chenye mizizi ya mwaka 1894, kina kiwango namba 55 kinachoeleza joto ambalo watu hulivumilia ndani ya jengo linalopitisha hewa. Kwa mji wenye wastani wa nyuzi 30 nje, kiwango hicho huweka starehe kwenye nyuzi 27, na kukubali mpaka 30 na nusu. Feni ya dari inayotumia wati 70 humfanya mtu ajisikie kana kwamba chumba kimepungua nyuzi 2 au 3. Kiyoyozi kidogo hutumia zaidi ya wati 1,000. Kuweka ofisi ya Lodwar nyuzi 18 wakati nje ni 35 ni kuipa mashine tofauti ya nyuzi 17 ya kupigana nayo. Ikiwekwa 26, tofauti huwa 9. Nyuzi 18 za Lodwar ni fahari ya bosi. Mwili haukuziomba.

Umeme wenyewe una historia ya kuudhi. Bwawa la Turkwel, lililokamilika mwaka 1991 likiwa na uwezo wa megawati 106, liko kwenye mpaka wa Turkana na Pokot Magharibi, lakini nyaya zake zilielekezwa Lessos karibu na Eldoret. Lodwar, iliyo chini ya mto huo huo, iliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli. Lita moja ya dizeli ina nishati ya uniti 10 hivi, na jenereta ndogo hutoa uniti 3 tu kati ya hizo. Zingine huishia kuwa moshi na joto. Kila uniti inayookolewa huko, basi, ni theluthi ya lita ambayo haitasafirishwa kutoka Kitale, kilomita 300 hivi kusini. Kihami joto kinachochukua miaka mingi kurudisha gharama yake Nairobi huweza kuirudisha mapema zaidi hapa.

Kuna anayeuliza kuhusu kupoza kwa mvuke wa maji, njia inayotumika sana katika nchi kame zenye joto. Hewa ya alasiri ya Lodwar ni kavu kiasi cha kutosha; ikipitishwa kwenye pedi zenye maji huweza kushuka kutoka nyuzi 36 hadi 27 au 28. Tatizo ni maji. Kuondoa joto la kiasi cha kiyoyozi kimoja kidogo hula angalau lita 5 kwa saa, katika kaunti ambako wanawake hutembea na madumu. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba chini ya uwanda wa Lotikipi kuna hifadhi kubwa sana ya maji. Visima vya majaribio baadaye vilionyesha kuwa maji hayo yana chumvi nyingi. Pedi za kupozea nazo huzibwa na chumvi. Ni njia nzuri kwa wodi ya hospitali yenye kisima chake, si ya kusambazwa.

Kakuma iko kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi mwa Lodwar. Kambi ilianzishwa mwaka 1992, wakati vijana waliokimbia vita vya Sudan walipoingia Kenya kwa miguu, na leo pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa 2016 ina watu zaidi ya laki mbili. Kwa idadi hiyo ni mji mkubwa, na kama kila mji una soko. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, uliotolewa 2018, ulihesabu maduka na biashara zaidi ya 2,000 humo. Maduka hayo yanataka taa, friji za soda, mashine za kunyolea na chaji za simu.

Kwa muda mrefu stima ya kambi ilitoka kwa wafanyabiashara, wakimbizi na wenyeji, waliokuwa na jenereta na kuvuta nyaya hadi kwa majirani. Mteja alilipa kwa mwezi kulingana na idadi ya taa na vifaa alivyonavyo. Mhandisi wa nishati hukuta hapo jambo ambalo hakufundishwa darasani: pasipo na mita, hakuna sababu ya kuzima. Anayelipia friji kwa mwezi atanunua friji kuukuu ya bei ya chini, hata ikila mara tatu ya umeme wa friji mpya, kwa kuwa mlaji wa hasara ni mwenye jenereta. Mwenye jenereta naye hujilinda kwa kununua mashine kubwa kuliko haja. Jenereta ya dizeli inayobeba chini ya theluthi ya uwezo wake huchoma mafuta vibaya, hujaza masizi, na huzeeka haraka. Hasara hurudi kwa mteja kama bei. Kampuni ya Renewvia ilipojenga gridi ndogo za jua Kalobeyei, jambo kubwa halikuwa paneli tu. Mita za kulipia kabla ziliingia nazo, na kwa mara ya kwanza mwenye duka akaona friji yake inakula nini.

Ukaguzi wa nishati katika mashirika ya Kakuma huanza kwa daftari la dizeli badala ya bili. Mkaguzi hugawanya lita kwa saa, kisha hufunga kifaa cha kurekodi mzigo kwa wiki nzima, na mara nyingi hukuta kwamba jenereta hukesha kwa ajili ya friji chache na taa za uani. Dawa yake hujulikana: betri na paneli kwa mzigo wa usiku, jenereta ya pili ndogo kwa mchana, taa za LED. Mhandisi mwenye tamaa ya mitambo mikubwa ataona kazi hii ni ndogo. Ni kweli ni ndogo, lakini imejaa kila mahali.

Nyumba za kambi ni suala lingine. Hema na karatasi za plastiki zilifuatiwa na vyumba vya matofali ya udongo vyenye bati tupu juu, na hesabu ya paa ya Lodwar huwahusu wakazi wake moja kwa moja, bila kiyoyozi cha kuwasaidia. Mwaka 2017 UN-Habitat ilikubaliana na msanifu Mjapani Shigeru Ban, mshindi wa tuzo ya usanifu ya Pritzker ya 2014, abuni nyumba za Kalobeyei kwa vifaa vinavyopatikana karibu. Msanifu wa hadhi hiyo kuja Turkana ni jambo la kushukuriwa. Lakini kwa maelfu ya vyumba vilivyokwisha kujengwa, mkeka wa makuti ya mkoma uliotundikwa chini ya bati, ukiacha nafasi ya hewa kupita katikati, ungeleta nafuu kubwa zaidi kwa kila shilingi, na mafundi wake wako pale pale.

Kalokol ndipo mhandisi mitambo anapaswa kukaa zaidi. Ni mji wa wavuvi kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, kilomita 60 hivi kutoka Lodwar, na humo limo jengo ambalo linastahili kuwa somo katika kila chuo cha uhandisi cha Afrika Mashariki. Norway, nchi inayojua samaki, iliwajengea Waturkana kiwanda cha kugandisha samaki. Kilikamilika mwaka 1981, kwa gharama inayotajwa kuwa dola milioni 22 pamoja na miundombinu yake. Kilifanya kazi siku chache tu, kisha kikafungwa. Gharama ya kuendesha mafriza na haja ya maji safi vilikuwa juu mno kwa mahali pale. Katikati ya miaka ya 1980 Ghuba ya Ferguson, walikovua wavuvi hao, ilikauka ziwa liliporudi nyuma.

Hadithi hii husimuliwa sana kama mfano wa misaada isiyouliza wenyeji, kwamba Waturkana ni wafugaji wala si wavuvi. Maelezo hayo ni nusu tu, na hayawatendei haki Waturkana wa ziwani ambao wamevua tangu zamani. Nusu nyingine iko kwenye hesabu. Kugandisha tani moja ya samaki kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 20 chini ya sifuri huhitaji kuondoa joto la uniti 110 hivi. Mashine ya kupozea hulipandisha joto hilo kutoka ndani ya friza, penye nyuzi 30 chini ya sifuri, na kulitupa nje. Pwani ya Norway nje kuna baridi, na joto hutupwa likiwa nyuzi 20 hivi. Kalokol ni lazima litupwe likiwa nyuzi 45. Kanuni ya Carnot, inayoweka kikomo cha ufanisi wa mashine yoyote ya joto, huonyesha kwamba mashine kamilifu ya Norway ingeondoa uniti karibu 5 za joto kwa kila uniti ya umeme, na ile ya Kalokol 3 na kidogo. Mashine halisi hufika nusu ya hapo. Tani moja ya samaki Kalokol, basi, hula uniti 70 za umeme kugandishwa, yaani lita 23 hivi za dizeli, kabla ya kuihifadhi hata usiku mmoja. Nao uhifadhi ni mbaya zaidi: ghala lenye nyuzi 20 chini ya sifuri ndani na 35 nje hupambana na tofauti ya nyuzi 55 mchana, na usiku haipungui sana.

Hakuna siri yoyote katika hesabu hiyo. Ingefanywa kwa dakika chache mwaka 1975 kama ingefanywa kwa hali ya hewa ya Kalokol. Jibu lake lingekuwa kwamba jua na upepo wa ziwa hukausha samaki bure, kwamba chumvi husaidia, na kwamba fedha ziende kwenye meza za kukaushia zenye wavu wa kuzuia nzi, maghala makavu na barabara. Samaki wa Ziwa Turkana waliokaushwa wamekuwa wakisafiri hivyo hadi masoko ya mbali. Mhandisi wa nishati angekuwa mtu wa kwanza kuukataa mradi. Hapakuwa na mtu mwenye kazi hiyo mezani.

Si mbali na Kalokol, mahali paitwapo Loropio, kuna jibu la namna nyingine. Kampasi ya Startup Lions, ambako vijana wa Turkana hufundishwa kazi za kompyuta, ilikamilika mwaka 2021 kwa mchoro wa msanifu Francis Kéré wa Burkina Faso, ambaye mwaka uliofuata alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda tuzo ya Pritzker. Kuta zimejengwa kwa mawe ya huko huko. Juu ya majengo husimama minara mirefu, iliyochukua wazo la vichuguu vya mchwa vinavyoonekana pande hizo. Hewa ya moto hupanda kwa mnara na kutoka; hewa mpya huingia kwa matundu yaliyowekwa chini. Veranda zenye kivuli huzunguka.

Msomaji mhandisi atataka kujua nguvu ya mnara kama huo. Tuseme mnara wa mita 10, na hewa ya ndani imezidi ya nje kwa nyuzi 5. Msukumo unaopatikana ni pascal 2 hivi, kitu kidogo sana. Feni ya kawaida ya mfereji hutoa mara kumi hadi mara mia. Kwa hiyo mnara hufanya kazi pale tu njia nzima ya hewa ni pana na haina kizuizi. Ukitia kichujio cha vumbi, umeua mwendo. Hapo ndipo ugumu ulipo Turkana, kwa kuwa kompyuta huchukia vumbi kama zinavyochukia joto, na upepo unaosaidia kupoza ndio huo huo unaoleta mchanga. Minara humpa mbunifu nafasi ya kufunga madirisha upande wa upepo bila chumba kukosa hewa. Haileti baridi, hewa inayoingia ni ile ile ya nje. Anayetaka nyuzi 22 hatazipata Loropio. Atapata chumba chenye kivuli, kinachopumua, ambamo kazi huendelea saa 8 mchana bila kompresa kulia.

Upepo wenyewe ni mali. Bonde lililo kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya huukusanya na kuuongeza kasi, na ng'ambo ya ziwa, upande wa Marsabit, mitambo 365 ya Lake Turkana Wind Power yenye uwezo wa megawati 310 huutumia tangu 2018. Umeme huo nao huenda kusini, hadi Suswa.

Kaskazini ya Kalokol barabara huwa mbaya, na majengo hupungua. Lokitaung, katika milima, hukumbukwa kwa gereza walikofungwa Jomo Kenyatta na wenzake katika miaka ya 1950. Baada yake njia hushuka tena kuelekea ziwani.

Todonyang iko kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya ziwa, karibu na mto Omo unapoingia. Ina misheni ya Kikatoliki, polisi, wavuvi na wafugaji. Amani yake imevunjwa mara nyingi na mapigano kati ya Waturkana na Wadassanech wa upande wa Ethiopia, yakiwemo mauaji ya Mei 2011 na ya Februari 2025. Jambo hilo linamhusu mhandisi pia, kwa njia isiyoandikwa vitabuni: fundi hawezi kuahidi kurudi wiki ijayo. Kifaa kinachohitaji fundi kila mwezi hakifai, hata kama kina nyota 5 kwenye lebo yake ya ufanisi.

Mahali kama hapa mashine moja tu ya kupoza haiwezi kuachwa, nayo ni friji ya chanjo. Chanjo nyingi hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Zamani zilipozwa kwa gesi au mafuta ya taa, kisha kwa paneli na betri, na betri zikafa kwa joto. Friji za kisasa za jua huunganishwa na paneli moja kwa moja, bila betri ya kuhifadhi umeme. Kompresa hutengeneza barafu mchana, na barafu hushikilia ubaridi usiku. Shirika la Afya Duniani huzitaka zivumilie siku 3 bila jua la kutosha, na zile za nchi zenye joto hupimwa katika chumba cha nyuzi 43. Zinaweza hivyo kwa sababu kuta zake zina kihami joto kinene kuliko friji ya nyumbani. Mtengenezaji alipunguza joto linaloingia kwanza, ndipo akachagua kompresa. Ni utaratibu ule ule wa paa la Lodwar.

Makazi ya Waturkana wenyewe yaliufuata utaratibu huo kabla ya shule yoyote ya uhandisi. Boma huwa na ekol, kibanda cha mchana kilicho wazi pembeni, chenye kivuli kizito na upepo, na akai, kibanda cha kulala chenye umbo la kuba. Wanawake huvijenga kwa fito na makuti. Hakuna ukuta mzito, na hilo ni sahihi: ukuta wa mawe ambao hubeba joto la mchana ungelitoa usiku juu ya waliolala, mahali ambapo usiku haushuki sana chini ya nyuzi 24. Kibanda chepesi hupoa dakika chache baada ya jua kuzama. Mhandisi anayebuni bweni la shule au nyumba za walimu hapa afuate akai kwa vyumba vya kulala na mawe ya Loropio kwa madarasa ya mchana. Kutumia ukuta mmoja kwa vyote viwili ndilo kosa la michoro mingi ya serikali.

Kati ya Lodwar na Todonyang majengo yanayofikia uniti 180,000 kwa mwaka ni machache mno. Kiasi hicho ni mzigo wa kilowati 20 usiku na mchana, na zahanati, shule au ofisi ya chifu haiukaribii. Kanuni za 2012, zilizowapa wahandisi wa nishati riziki Nairobi, Thika na Mombasa, hazikuwagusa wajenzi wa huku. Isitoshe, mhandisi mitambo wa jengo mara nyingi hulipwa kwa asilimia ya gharama ya mitambo aliyoibuni. Akifaulu kuondoa viyoyozi 10, amejipunguzia mshahara. Serikali ya Kaunti ya Turkana, mashirika ya wakimbizi na makanisa ndio wateja wakubwa wa ujenzi katika njia hii yote. Waandike katika zabuni zao mambo mawili: mhandisi mitambo aitwe mchoro ukiwa bado wa penseli, kabla jengo halijapewa uelekeo na paa, na malipo yake yawe kiasi maalumu cha kazi, yasifungwe kwenye bei ya mashine.